Kiwanja Nilichokiona Januari

Nilihamishiwa Tanga kikazi mwezi Agosti 2017 nikitokea Kondoa, nikiwa na watoto wawili, magodoro matatu na neno moja nililoliamini kupita kiasi: masika. Kwetu Kondoa, kama ilivyo sehemu kubwa ya mkoa wa Dodoma, mvua ni za msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hupumzika kidogo katikati, kisha huishia Aprili, na kuanzia hapo mtu anaweza kufyatua tofali uwanjani akaziacha mpaka Novemba bila kuzifunika. Msimu huo mmoja ndio tunaouita masika. Nilipofika Tanga nikawasikia watu wakitaja masika, sikuuliza ni yapi, kwa kuwa ni nani anayeuliza maana ya neno alilozaliwa nalo?

Kwa Tanga, masika ni mvua za Machi hadi Mei, na mara nyingi Mei ndiyo inayobeba mzigo mkubwa kuliko Machi. Vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Kati ya misimu hiyo miwili, Julai au Agosti, hupita manyunyu ambayo wenyeji huyaita mchoo, na mgeni huyadharau mpaka yamwamshe usiku. Kwa mwaka mzima Tanga hupata zaidi ya milimita 1,200 za mvua, wakati Dodoma mjini haifiki 600. Mambo haya yote niliweza kuyajua kwa kumuuliza mtu yeyote kituo cha daladala. Niliyajua kwa njia nyingine, nami nimeamua kuieleza kwa urefu kwa sababu kila mwaka ninawaona watumishi wenzangu waliohamia kutoka bara wakielekea huko huko.

Mwaka wangu wa kwanza nilipanga Chumbageni. Masika ya 2018 yalinyesha nikiwa ndani ya nyumba ya mtu mwingine, na bati lilipovuja nilimpigia simu mwenye nyumba nikalala. Nilichokiona ni usumbufu mdogo mdogo: viatu vya ngozi vilivyoota ukungu chini ya kitanda, vyeti vya shule vilivyoshikana ndani ya bahasha, chumvi iliyogeuka maji kwenye kopo, nguo za shule ambazo hazikukauka siku tatu. Niliviona hivyo kama kero za pwani ambazo mtu huzizoea. Sikuvichukua kama maelezo ya mahali nilipokuwa nikitaka kujenga.

Januari 2019 dalali alinipeleka kuangalia kiwanja upande wa Mwahako. Ilikuwa Kaskazi, na anayeijua Tanga ya Kaskazi atanielewa: mbingu nyeupe kwa joto, upepo mkavu kiasi unaotoka kaskazini-mashariki, ardhi imara chini ya miguu na njia zote zinapitika kwa pikipiki. Kiwanja kilikuwa tambarare kama meza. Kilikuwa na bei nafuu kuliko vile vya mwinuko vilivyopakana nacho, shilingi 4,800,000, na dalali alinieleza kwamba unafuu huo ulitokana na haraka ya muuzaji aliyekuwa na mgonjwa. Juu ya ardhi palikuwa na mabua makavu mafupi, yamesimama kwa vishungi, kila kishungi kikiwa mbali kidogo na kingine. Mimi ni mtoto wa mtama na uwele. Niliyaona nikadhani ni nyasi zilizofyekwa.

Yalikuwa mabua ya mpunga.

Hati ya mauziano tuliiandika mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wakatia saini, na hakuna aliyenidanganya kwa neno lolote, kwa maana mimi sikumuuliza mtu yeyote maji ya mvua yanapita wapi. Mwezi huo huo nilichukua mkopo wa mshahara wa shilingi 15,000,000, wa kulipwa kwa miaka mitano. Mkopo wa namna hiyo huanza kukatwa mwisho wa mwezi unaofuata hata kama hujaweka tofali, na ninaamini kwamba makato hayo ndiyo yaliyonifanya niwe na haraka kuliko akili. Kila nilipopokea mshahara uliopungua nilihisi kwamba lazima nione ukuta.

Februari nilichimbisha shimo la choo, futi 12, likawa kavu hadi chini, fundi akalisifu. Nilinunua pia mifuko 60 ya saruji kwa shilingi 13,000 kila mmoja, nikaipanga kwenye kibanda cha mabati pale pale kiwanjani, chini juu ya udongo uliotandikwa nailoni. Hili la saruji linaniuma kwa namna ya pekee. Saruji inatengenezwa Pongwe, mwendo mfupi tu kutoka mjini, na wakati ule haikuwa imeadimika kiasi cha kumfanya mtu mwenye nyumba moja aiwekee ghala. Niliinunua mapema kwa sababu Kondoa tulizoea kununua kitu kikiwa kipo.

Sasa mwaka huo wa 2019 ulikuwa na ujanja wake. Machi ilipita na mvua chache. Katikati ya mwezi huo kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji, na tulikuwa tukisikia redioni habari za mafuriko ya huko huku sisi tukitoka jasho. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kimbunga kikikaa katika mlango wa bahari wa Msumbiji, kati ya nchi hiyo na Madagaska, kinaweza kuvuta unyevu ambao ungetuletea sisi mvua. Aprili nayo ikaenda hivyo hivyo, wingu likija na kuondoka, na tarehe 25 kimbunga Kenneth kikapiga kaskazini mwa Msumbiji. Nilihesabu kwa vidole vya Kondoa: Aprili imekwisha, mvua zimekwisha, tena zilikuwa haba. Nikampigia fundi simu aje tuchimbe msingi.

Fundi wangu alikuwa Mbondei wa makamo, mtu wa maneno machache. Alikuja, akatazama angani, akatazama kiwanja, akasema, "Mama, masika bado hayajaja."

Nilimjibu kwamba tulikuwa tayari Mei. Akasema tena, kwa upole, kwamba ndiyo maana alikuwa akiniambia. Nikamweleza habari za mkopo, naye kwa heshima hakubishana na mwenye pesa yake. Leo fundi akiniambia subiri, namuuliza sababu, namsikiliza mpaka amalize, na ikibidi namlipa posho ya siku ile ili asije akaona kwamba kuniambia ukweli kunamkosesha chakula.

Tulichimba mitaro ya msingi wiki ya kwanza ya Mei. Wiki ya pili mvua ikaanza usiku, ikanyesha mpaka asubuhi, ikapumzika saa mbili, ikarudi. Siku ya tatu niliomba ruhusa kazini nikaenda Mwahako. Pikipiki ilinifikisha mwanzo wa mtaa tu, dereva akakataa kuendelea, nikavua viatu. Nilipofika sikukiona kiwanja. Nilikiona kibanda cha mabati kimesimama ndani ya maji, na vyura wanalia kana kwamba wamekodishwa. Mitaro haikuwepo, imejaa na kuporomoka. Shimo la choo lilijulikana kwa duara la povu tu, kwa kuwa maji ya ardhini yalikuwa yamepanda yakakutana na ya juu. Ndani ya kibanda maji yalifika kati ya mfuko wa pili na wa tatu kutoka chini, na ile ya juu ambayo haikuguswa na maji ilikuwa imekwisha kunywa unyevu wa hewa. Mifuko 41 iliganda ikawa mawe yenye umbo la mfuko. Baadhi yake bado ninayo, nimeifanya ngazi ya banda la kuku.

Nilisimama pale nikalia, na si kwa ajili ya saruji peke yake. Mume wangu alikuwa bado Dodoma kikazi, naye ndiye aliyenishauri nisubiri tujenge pamoja. Kwa muda wa wiki tatu nikawa namtumia picha za Januari. Ninaandika jambo hili kwa aibu, lakini ninaliandika kwa sababu uongo ule ulinigharimu: laiti angejua mapema, angenizuia kufanya kosa la pili ambalo nitalieleza baadaye.

Maji yalikaa karibu mwezi mzima. Yalipoanza kushuka, mwezi Juni, wakaja mbu, na mwanangu wa pili akalazwa siku tatu kwa malaria, ingawa tulikuwa tunaishi mjini na siwezi kusema mbu wale walitoka kwangu. Ilikuwa katika siku hizo, nikizunguka kuangalia maji yanatoka upande gani, nilipomkuta bibi mmoja Mdigo aliyekuwa na shamba la mihogo kwenye mwinuko wa pili. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kama mimi ndiye niliyenunua pale bondeni.

"Hapo ni mpunga, mwanangu," aliniambia. "Toka mimi msichana hapo ni mpunga. Nilikuona ukipima Januari, nikasema huyu labda anataka kulima."

Nilimuuliza kwa nini hakunieleza. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Mimi nilipita mbele ya nyumba yake mara nne na dalali, na sikusimama kumpa shikamoo hata mara moja.

Tangu hapo yule bibi ndiye mwalimu wangu wa majira. Alinieleza mwaka kwa pepo: Kaskazi inayoanza karibu na Desemba mpaka Machi, Kusi inayokaza Juni mpaka Agosti, na katikati yake kipindi cha maleleji ambapo upepo haueleweki na wavuvi huangalia sana. Marehemu mumewe alikuwa mvuvi, na alikuwa akihesabu siku kutoka Nairuzi, yaani siku ya mwaka, kumi kumi, wala hakuhitaji kalenda ya ukutani kujua lini abadilishe mtego. Bibi mwenyewe hesabu hiyo haijui yote. Anajua kumi zinazohusu mihogo.

Palikuwa na njia mbili: kuuza au kuinua. Ningeuza Juni hiyo, mnunuzi angeona maji. Ningeuza Januari, ningekuwa nimemfanyia mtu mwingine nilichofanyiwa. Nikainua. Nilileta kifusi na moramu, ule udongo wa changarawe, safari 26 za lori kwa shilingi 70,000 kila safari, tukashindilia kwa tabaka, tukaacha kona ya chini kabisa ya kiwanja bila kuijaza ili maji yapate pa kwenda, maana ukijaza bonde lote unamsukumia jirani mafuriko yako. Msingi tukaujenga kwa mawe badala ya tofali, juu zaidi ya alama ya maji kwa futi mbili, na juu yake tukalaza nailoni nzito kabla ya kuanza kozi, yaani safu ya tofali, ya kwanza ya ukuta, kwa sababu ukuta wa pwani usio na kizuizi hunyonya unyevu mpaka kimo cha kiuno na rangi hubanduka kila mwaka. Choo kikahamishiwa sehemu ya juu, shimo likawa fupi na pana, limejengewa kuanzia chini. Nilipopiga hesabu, saruji iliyoganda, shimo lililopotea, mitaro iliyochimbwa mara mbili, kifusi na nyongeza ya msingi vilinifikisha zaidi ya shilingi milioni 4, karibu sawa na bei ya kiwanja chenyewe. Vile viwanja ghali vya mwinuko vilikuwa vikiuzwa milioni 8. Hesabu hiyo ndiyo huwa nawaonyesha wanaotafuta unafuu.

Kazi ya Julai hadi Septemba ilikwenda vizuri sana, na kama kuna jambo moja la ratiba ambalo ningependa mtu alichukue hapa, ni kwamba kipindi hicho ndicho cha kuinua boma Tanga. Hewa ni ya kipupwe, mafundi hawachoki mapema, malori ya mchanga yanafika machimboni kwa hiyo bei inashuka, na manyunyu ya mchoo yanasaidia kumwagilia ukuta mbichi, mradi tu plasta isiwe imepigwa siku ile. Mchanga uwe wa mto. Ule wa ufukweni, mbali na kwamba kuuchota kunaharibu fukwe, una chumvi inayokula nondo kutoka ndani, na mtu huja kuligundua hilo baada ya miaka mitano lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, inapopasuka.

Kosa la pili ni kwamba Septemba, kuta zikiwa zimefika kwenye lenta, pesa ziliisha na mimi nikaona tupumzike hadi Januari. Mbao za kupaulia zilikuwa zimeshanunuliwa. Mume wangu, ambaye sasa alikuwa anajua yote, alitaka kukopa kwa ndugu tupaue haraka. Nilikataa kwa kiburi cha mtu aliyekwisha kukosea mara moja na hataki kuongeza deni. Vuli ya 2019 ikawa miongoni mwa zile ambazo watu wa mkoa huu hawazisahau. Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia ilikuwa baridi, hali ambayo huongeza mvua za vuli Afrika Mashariki, na mwishoni mwa Oktoba mawasiliano ya barabara kati ya Korogwe na Handeni yalikatika kwa mafuriko. Kwangu, kuta zisizo na paa zilijaa maji vyumbani kama matangi, kozi mbili za juu zililegea, na mbao zilizolazwa chini ya turubai zilipinda kiasi kwamba fundi alizikataa 18. Msingi wa mawe, hata hivyo, ulisimama, na maji yalipita pale kona ya chini kama tulivyoyapangia. Nilikwenda kuyatazama yakipita, nikasahau kwa muda habari za mbao.

Tulipaua Februari 2020, tukahamia Juni. Hapo ndipo Kusi ilipotufundisha madirisha. Nilikuwa nimeweka madirisha makubwa upande wa kusini-mashariki kwa ajili ya upepo, na ni kweli upepo ni mzuri, lakini mvua ya Kusi haidondoki, inakuja kwa ubavu. Godoro la watoto lililowa usiku wa kwanza wa mchoo. Tuliongeza upenu wa paa futi tatu upande huo, ukawa pia baraza, na wakati fundi akifanya kazi hiyo alinionyesha nyumba za zamani za mjini zenye varanda pana kuzunguka pande zote, akaniuliza kama nilidhani wale waliozijenga walikuwa wanapenda tu kukaa nje. Bati za ukingoni alizipigilia misumari zaidi ya ile ya katikati, kwa kuwa Kusi huanza kuinua paa kutoka kwenye ukingo. Chumba chetu cha kulala kiko magharibi, na hilo halina dawa: wakati wa Kaskazi ukuta unapokea jua kuanzia saa nane mchana na kuutoa moto huo saa nne usiku, tukiwa kitandani. Nimepanda mwarobaini. Bado ni mfupi.

Kuhusu utabiri, nilikuwa nikiusikia siku zote bila kujua kuusoma. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa mvua za masika na za vuli kabla ya kila msimu, kwa kanda, na Tanga imo katika pwani ya kaskazini. Wengi wetu husikia maneno mawili tu, juu ya wastani au chini ya wastani. Kwa mjenzi, na nadhani hata kwa mkulima, yenye faida zaidi ni yale yanayofuata, yaani mvua zinatarajiwa kuanza wiki gani na kuisha lini, na taarifa za kila mwezi zinazorekebisha mwelekeo huo. Mwaka 2019 masika yalichelewa, na aliyekuwa anafuatilia alijua kwamba kuchelewa si kukosa.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja na tahadhari zikatolewa kwa mikoa ya pwani, tulikuwa tumejiandaa kuliko wakati wowote: mfereji umezibuliwa, misumari ya ukingo imekaguliwa, vyeti viko ndani ya ndoo yenye mfuniko pamoja na mkaa mkavu kidogo wa kunyonya unyevu, chakula cha siku tatu, simu zimejazwa chaji. Kilipiga Mafia tarehe 4, kikadhoofika, na kwetu hakikuleta yale niliyoyaogopa. Watoto walisikitika kidogo.

Kona ile ya chini sasa nimepanda magimbi, na msimu wa masika bibi hunipa mbegu ya mpunga kidogo tukaitia pamoja. Kiwanja kinachofuata bado hakijajengwa. Mwenyewe huleta wateja Januari na Februari, kila mwaka, kama mimi nilivyoletwa. Februari iliyopita walikuja mume na mke vijana, walimu kutoka Singida, nao kabla ya kukanyaga kiwanja walipita barazani kunisalimu. Yule mke akaniuliza mabua yale ni ya nini.

Niliwapeleka nyuma ya kibanda cha zamani, ambako alama ya maji ya 2019 bado inaonekana kwenye bati, mstari wa kahawia ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Mume alisimama karibu nao. Ulimfika juu ya goti. Waliniomba namba ya simu, wakasema watarudi Mei.